Wali Aliousifu Maftaha

Kilwa Masoko,
Jumapili, 19 Januari 2025

Dada yangu Mwanahija,

Shikamoo dada. Assalaam alaikum kwako, kwa mwanao Batuli, na kwa wote wanaokaa nawe msibani. Huku kwetu Naima na watoto ni wazima. Yule mdogo ameanza darasa la kwanza na tayari amepoteza kiatu kimoja, cha kulia.

Dada, pole. Nimeliandika neno hili kwenye karatasi tatu nikazichana zote. Simu yako nimeipiga siku tisa haipatikani, ndiyo maana nimeshika kalamu kama tulivyokuwa tukiandikiana nilipokuwa bwenini Lindi.

Kuhusu maziko, najua ulinitazamia. Ijumaa ile ofisini kwetu halmashauri tulikuwa na wageni wa ukaguzi, na sisi wa masjala ndio tunaotunza mafaili, kwa hiyo ruhusa haikupatikana. Nikasema nitakuja Jumamosi. Jumamosi nayo ikapita. Maftaha alikuwa shemeji mwema, sijapata kumsikia akimsema mtu kwa ubaya. Mungu amlaze pema.

Nimempa Petro wa boti sukari na majani ya chai kwa ajili ya wanaokuja kukupa pole. Barua hii ameitia kwenye mfuko wa nailoni isije ikalowa.

Mdogo wako,
Yasini

*

Songo Songo,
Jumapili, 2 Februari 2025

Mdogo wangu Yasini,

Marahaba. Wa alaikum salaam wewe, wifi yangu Naima na huyo mwenye kiatu kimoja. Barua imefika kavu. Sukari ilifika na imekwisha, maana wanaokuja kunipa pole wanapenda chai tamu.

Simu nimeizima mwenyewe. Kila anayepiga analia, halafu ananyamaza kidogo asikilize kama na mimi nalia. Mimi silii, Yasini. Tangu siku ile sihisi kitu. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaugusa ukaona ni wa mtu mwingine? Basi ndivyo nilivyo mwili mzima. Ninakula, ninalala, ninajibu watu. Kichwa kilimuuma Jumatano, Alhamisi akasema macho hayaoni vizuri, Ijumaa tukamzika baada ya swala. Ninakuandikia hivi kama ninavyoandika muhtasari wa kikao, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoliona.

Nimo ndani, eda, miezi minne na siku kumi. Nitatoka tarehe 18 Mei, panapo majaliwa. Wanawake wa Umoja wanakuja kila alasiri baada ya kuanika pweza wao. Wanakaa, wananiuliza kama nimekula, wanaondoka. Habari za kazi hawazitaji kabisa. Huu ni mwaka wa kumi na moja mimi ni mwenyekiti wa Umoja wa Wakausha Pweza, na sijawahi kuona wanawake arobaini wakikaa pamoja bila hata mmoja kulalamika. Najua tu kwamba kazi inaendelea kwa sababu nguo zao zinanuka pweza.

Sasa la Naima, maana sikupata nafasi ya kumshukuru. Maftaha aliporudi kutoka kwenu Desemba hakuwa na hadithi nyingine wiki nzima. Wali wa nazi na kunde aliopikiwa na wifi yangu, godoro alilotandikiwa, na jinsi ulivyoacha kazi zako ukaja kukaa naye. Aliusifu ule wali mpaka nikaona wivu, nikamwambia basi hamia Masoko. Kwenye kikapu hiki kuna pweza kumi wakavu wa Naima. Ni wa mwisho niliowachemsha na kuwaanika mwenyewe. Awaloweke mpaka walainike, kisha awapike kwa nazi.

Maftaha alinipa na jibu lako kuhusu ile sheria ndogo ya pweza niliyomtuma akuulize. Kwamba ni kweli inasemwasemwa ila bado haijafika popote, na ikifika tu utaniandikia. Nilikuwa na hofu, nisikufiche. Ikipita kama tulivyosikia, kwamba pweza wote wauzwe wabichi pale pale dikoni, mitumbwi inapofikia, kwa mnunuzi mwenye kibali, sisi hatutapata hata mmoja wa kuchemsha. Hapa kisiwani mjane hana kazi nyingine ya kumlisha, na sasa mjane ni mimi pia. Lakini kwa kuwa umeahidi kuandika, nimetulia.

Dada yako,
Mwanahija

*

Kilwa Masoko,
Jumapili, 23 Februari 2025

Dada Mwanahija,

Shikamoo. Natumaini eda inakwenda salama na Batuli anakusaidia. Pweza wamefika. Naima ameshukuru.

Huku tunajiandaa na Ramadhani. Bei ya tende imepanda, na paa la jikoni linavuja upande ule ule niliouziba mwaka jana. Mtoto amenunuliwa viatu vingine, sasa amepoteza cha kushoto. Kazini mambo ni mengi, mafaili yanaingia na kutoka. Nilikuwa nimekusudia kukuandikia mapema kidogo lakini siku zinakimbia, nawe unajua kazi za ofisi zilivyo.

Nakuombea subira na funga njema. Kama kuna tangazo lolote kwenye ubao wa serikali ya kijiji, mwambie mtu akusomee.

Wako,
Yasini

*

Songo Songo,
Ijumaa, 28 Februari 2025

Yasini,

Marahaba. Sisi ni wazima. Batuli amekata nywele, hakuniomba ruhusa, na sikuwa na nguvu ya kumgombeza.

Barua yako nimeipata jana. Nimesoma habari za tende, nimesoma habari za paa, nimesoma habari za viatu. Mwishoni kabisa nikakuta sentensi moja kuhusu ubao. Nikamtuma Batuli. Akarudi ameinakili kwenye daftari lake la shule: rasimu ya sheria ndogo ya uvuvi na biashara ya pweza, kifungu cha saba, pweza wote kuuzwa wabichi dikoni kwa wanunuzi wenye kibali. Tangazo limebandikwa tarehe 3 Februari. Wadau walete maoni kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja. Nimehesabu kwa vidole, Yasini. Siku zilikwisha Jumatatu. Wewe uliandika Jumapili.

Nilimwita Hafsa, makamu wangu. Alikuja na kanga kichwani, akakaa mlangoni.

"Hafsa, hili tangazo uliliona?"

"Nililiona, Bi Mwenyekiti."

"Lini?"

"Siku ile ile walipolibandika. Nilisimama pale na mama Ashura."

"Mbona hukuniambia?"

"Yarabi, nikuambie vipi mambo ya serikali nawe umo ndani? Mumeo alikuwa hajatimiza hata arobaini! Watu wangetusemaje? Tulikubaliana sote tusubiri utoke."

"Nitoke mwezi wa tano?"

"Ndiyo."

"Mngeandika wenyewe basi, Hafsa."

"Muhuri si uko kwako? Uko kabatini, chumbani. Nani angeingia chumba cha mfiwa kuomba muhuri?"

Nilitaka kukasirika. Nilikaa nikaisubiri hasira ije, haikuja. Halafu yeye ndiye aliyeanza kulia, mimi nikawa namfuta. Maana kosa ni langu. Miaka kumi na moja ubao ninausoma mimi, barua ninaandika mimi, muhuri unakaa kwangu ndani ya kopo la maziwa, na kwenye mikutano ninasimama mimi. Nilijiona hodari. Siku niliyofungiwa ndani, Umoja wote ukafungiwa pamoja nami, na walifanya hivyo kwa heshima, si kwa uzembe.

Jana hiyo hiyo jioni niliwaita wote uani. Walikuja arobaini kasoro watatu. Walisema wote kwa pamoja, Batuli akaandika, mimi nikapiga muhuri. Barua yenyewe imo humu. Tumeeleza sisi ni nani na tunafanya nini: kwamba wanunuzi wakubwa huchagua pweza wazito, wengine huwaacha, na hao wanaoachwa ndio tunaochemsha na kuanika. Tumeomba kifungu cha saba kiwape wanachama haki ya kununua dikoni kama wanunuzi wengine, na ukaushaji utajwe kuwa biashara halali. Hatukatai sheria. Tunakataa kusahauliwa.

Ipeleke unakojua. Na nijibu hili: ulimwahidi Maftaha utaandika. Kwa nini hukuandika?

Mwanahija

*

Kilwa Masoko,
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada Mwanahija,

Shikamoo. Ramadhani karimu. Tunafunga salama, hata yule mdogo alijaribu akafika saa nne asubuhi.

Barua ya Umoja imepokelewa masjala tarehe 5 Machi, imepewa namba na imewekwa kwenye faili husika. Kwa kuwa imeletwa baada ya muda uliotangazwa, utaratibu ni kwamba haitapelekwa kwenye kamati pamoja na maoni mengine, ila itabaki kwenye kumbukumbu. Nasikitika kukuarifu hivyo.

Muhuri wetu wa kupokelea una gurudumu dogo la tarehe. Ningeweza kuligeuza. Nililishika kabisa kwa kidole. Sikuligeuza, dada. Nina miaka kumi na nne pale na sijawahi kuligeuza kwa ajili ya mtu yeyote.

Kamati itakaa kabla madiwani hawajamaliza muda wao mwezi wa sita.

Wako,
Yasini

*

Songo Songo,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Yasini,

Marahaba, na funga njema na wewe. Huyo mtoto aliyefika saa nne amekushinda wewe utotoni. Wewe ulikuwa unakunywa maji kwa siri nyuma ya mtungi, halafu unakuja kwenye futari umenuna kuliko wote.

Umeniandikia barua ya ofisi. Sawa, mimi nami ni kiongozi wa watu, nitakujibu ya ofisi.

Kuhusu gurudumu, umefanya vizuri. Sikukuomba ulaghai na nisingeupokea. Umoja wetu una jina safi, na jina hilo ndilo tu tulilo nalo mbele ya watu wenye viti vya kuzunguka.

Lakini nimekaa ndani huku, sina la kufanya ila kufikiri, na nimeona jambo. Utaratibu unasema tumechelewa. Mimi nasema hatukuchelewa. Sisi tuliuliza Desemba, kabla hata tangazo halijaandikwa. Umoja ulimtuma mtu ofisini kwenu, kwa nauli ya Umoja. Mtu huyo alikuona wewe, karani wa masjala, ukamwambia tusubiri barua yako. Tukasubiri. Aliyeambiwa asubiri, akasubiri, amechelewa vipi?

Kwa hiyo ninachokuomba si muhuri wa uongo. Ninakuomba useme ukweli mbele ya kamati. Andika ushuhuda, ukurasa mmoja: kwamba Maftaha alikuja tarehe fulani, akakuuliza jambo hili, ukamjibu hivi. Yeye hayupo kusema. Umebaki wewe.

Wanawake hawa hawaniulizi kitu, lakini wananitazama. Juzi Hafsa aliuza sufuria lake kubwa la kuchemshia. Anasema halina kazi tena. Niliposikia hivyo nilidhani nitahisi kitu, nikahisi kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Pia hujaniambia kama Naima aliwapenda wale pweza. Si kawaida yake kukaa kimya, ni mwanamke wa kushukuru kwa mdomo wake.

Mwanahija

*

Kilwa Masoko,
Ijumaa, 2 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Idi imepita na sikukutumia hata salaam. Barua yako nilikaa nayo wiki tano. Nilikuwa naitia mfukoni asubuhi na kuitoa jioni. Naima na watoto ni wazima. Mimi sijui nisemeje kuhusu mimi.

Nitaandika haraka kabla sijachana.

Siwezi kushuhudia kwamba nilimwahidi Maftaha. Sikumwahidi. Sikuonana naye.

Alikuja Alhamisi, tarehe 12 Desemba. Mlinzi alinipigia simu ya ndani: una mgeni, shemeji yako. Rasimu ilikuwa mezani kwangu ninaichapa, na tulikuwa tumeambiwa tusiizungumze na mtu mpaka itangazwe. Nilijua amekuja kwa ajili hiyo. Nikasema mwambie asubiri kidogo. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia. Saa nne nilichungulia dirishani, nikamwona kwenye benchi la nje, kofia imewekwa gotini. Saa sita nilitoka kwenda kula kwa mlango wa nyuma. Nikasema nikirudi nitamwona. Niliporudi alikuwa amekaa vile vile, na nikaona aibu ya kumwambia nimeshakula. Kadiri saa zilivyokwenda ndivyo ilivyokuwa vigumu, dada. Ningemwambia nini saa nane ambacho sikuweza kumwambia saa mbili? Nikasubiri aondoke. Aliondoka.

Hakula kwangu. Hakulala kwangu. Naima hakuwahi kumwona mwezi ule. Pweza wako walipofika na salaam zako, aliniuliza, "Wali gani huo anaoushukuru wifi?" Nikamwambia, "Ni mambo ya dada, amefiwa, mawazo yamemchanganya." Nimekusingizia hata hilo.

Sikuja mazikoni kwa sababu hiyo. Hakukuwa na wakaguzi.

Baada ya barua yako ya Machi nilikwenda getini nikaomba kitabu cha wageni cha mwaka jana. Yumo. Ameandika mwenyewe, kwa herufi zake zile kubwa zinazotoka nje ya mstari. Anayemwona: Yasini, masjala. Sababu ya kuja: kuuliza sheria ya pweza kwa niaba ya Umoja wa Wakausha Pweza, Songo Songo. Kuingia saa 2:10. Kutoka saa 9:25. Na sahihi.

Wiki mbili nilikipita kile kitabu kila asubuhi. Jumatatu iliyopita nilikichukua nikakipeleka kwa Bwana Ambrosi, katibu wa kamati. Alivaa miwani akasoma.

"Huyu alipewa jibu gani?"

"Hakupewa jibu."

"Saa saba alikaa?"

"Saa saba na robo."

"Aliyetakiwa kuonana naye ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Kwa nini hukuonana naye?"

Nikamwambia, "Niliogopa." Hakuniuliza niliogopa nini. Aliandika kitu, akatoa nakala ya ukurasa ule, akaenda nao kwa mwenyekiti wa kamati. Wamekubali kwamba Umoja ulikuja kuuliza kwa wakati na haukujibiwa. Watavuka kuja kuwasikiliza huko huko Songo Songo, Jumanne tarehe 20 Mei, saa nne, shuleni, chumba cha darasa la saba. Niliwaomba isiwe kabla ya tarehe 18. Bwana Ambrosi akasema, "Basi umejua kuomba."

Mimi nimehamishiwa stoo kuanzia jana. Si kitu.

Nakala ya ukurasa nimeiweka humu. Imefifia kidogo lakini inasomeka.

Yasini

*

Songo Songo,
Jumapili, 25 Mei 2025

Yasini,

Salaam nazileta kwanza ili nisizisahau. Batuli mzima, nywele zimeanza kuota. Hafsa amekwenda kulidai sufuria lake kwa aliyemuuzia na wameshikana mashati, amelipata. Mimi nimetoka eda. Nilioga, nikavaa, nikatoka mlangoni, jua likanipiga usoni nikarudi ndani kuchukua kanga nyingine.

Taarifa ya kikao. Walikuja watano, Bwana Ambrosi akiwa na faili na miwani yake. Darasa lilijaa mpaka dirishani. Waliniuliza mimi kama mwenyekiti, nikasimama, nikasema maneno mawili, halafu nikakaa na kumwambia Hafsa aendelee. Alisimama akashika dawati. Kisha akaanza kuwaeleza jinsi pweza anavyochemshwa, na unamjua Hafsa akianza. Walimkatiza mara tatu wakimwomba apumue. Mama Ashura akasema mnunuzi mkubwa akikataa pweza, pweza huyo hatupwi baharini, anasomesha mtoto. Kifungu cha saba kimeandikwa upya pale pale, wanachama wamo, kukausha kumo. Niliwaomba wakisome mara mbili kwa sauti. Bado baraza zima halijapitisha, na mimi siku hizi sishangilii kitu ambacho hakijagongwa muhuri. Lakini walituandika majina. Muhuri wa Umoja sasa unakaa kwa zamu, na ubao wanausoma watatu.

Sasa la ukurasa.

Ulipofika niliutazama nikauweka chini ya mkeka. Nilikuwa nimeshakuelewa, sikuwa na hasira, sikuwa na kitu. Nilisema tu, ametoka saa tisa na dakika ishirini na tano. Boti ya mwisho ya kuja huku siku ile ilikuwa saa nane. Basi alilala wapi? Swali hilo lilikaa nami mpaka nilipotoka eda. Siku ya kikao, wageni walipokuwa wanapanda boti, nikamwuliza Petro.

Petro alikwepa kwepa, akafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Mwisho akasema Maftaha alilala humo botini, juu ya mifuko ya saruji ambayo Petro alikuwa anamletea fundi wa msikiti. Alikula muhogo wa kuchoma. Asubuhi wakiwa njiani akamwuliza Petro, "Hivi mwanamke wa mjini akipata mgeni humpikia nini?" Petro akamwambia sema wali wa nazi na kunde, hapo huwezi kukosea. Maftaha akacheka, akaurudia njia nzima kama mtoto anayetumwa dukani: wali wa nazi na kunde, wali wa nazi na kunde. Petro akamwuliza kwa nini asiseme tu ukweli. Akajibu, "Nikisema, atagombana na nduguye, na nduguye ni huyo mmoja tu. Yasini ataandika tu, namjua."

Nilirudi nyumbani, nikamwambia Batuli aniletee nazi, nikakaa kwenye mbuzi kuikuna. Sikufika nusu. Nililia, Yasini. Siku mia na thelathini sikulia hata tone, nikaja kulia kwa ajili ya wali ambao haukupikwa. Nililia mpaka majirani wakaja wakidhani kafa mwingine. Nina hasira na wewe, sasa ninaihisi vizuri, imenijaa mpaka kooni. Na yeye pia nina hasira naye, kwa kunidanganya nikatulia wakati nilipaswa kushtuka. Ningekuwa naye hapa ningemnyima chakula siku mbili.

Umekwenda kwa Ambrosi na kile kitabu mwenyewe, bila kusukumwa. Hilo nimeliona. Maftaha alisema utaandika, na mwishowe umeandika.

Jumamosi ijayo panda boti ya Petro, uje na Naima na watoto. Usiniletee sukari. Makaburini utakwenda kwanza, peke yako, ukamwambie yale uliyokuwa unatafuta maneno yake tangu saa mbili. Kisha uje nyumbani. Nitakuwa nimepika wali wa nazi na kunde, na utakula sahani mbili, yako na yake, mbele yangu, mpaka ziishe.

Dada yako,
Mwanahija